Mwaka Nilioitwa Kale

Wamenipigia simu kutoka chuo kikuu kuniambia Dokta Projestus amefariki. Kijana aliyepiga ana adabu. Aliniamkia mara mbili, akanipa pole, halafu akasema wanakusanya kumbukumbu za watu waliofanya kazi na marehemu, kwa hiyo niandike ukurasa mmoja, jinsi alivyokuwa mwalimu mwema. Nikamuuliza, ukurasa mmoja wa wema au ukurasa mmoja wa ukweli? Akacheka kidogo, akidhani natania. Sikuwa natania. Basi naandika, na ukurasa utazidi, na wakiona haya hayafai kusomwa msibani wayaache. Nililia nilipopata habari, hilo waliandike. Lakini mwaka niliokaa naye, mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, tulisaidiana na tukagombana, na ugomvi ndio ulionifaa zaidi. Siwezi kumsifu mtu huku nimeficha kitu kikubwa kuliko vyote alivyonipa, hata kama alinipa bila kutaka.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto wa kike wa miezi saba anayeitwa Kabula, na chumba kimoja Mkuyuni ambacho ukuta wake haukufika juu kwenye bati. Baba wa Kabula alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu akasema atarudi. Huyo nimeshamaliza naye, hamtamsikia tena humu. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Jeni, ambaye alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, maana hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya viwanda kupunguza watu na kila mtu kuambiwa afanye biashara, kila kitu ruksa. Yeye akaamua kukaanga mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Moshi wa mafuta yake uliingia kwangu bila kupiga hodi, na maneno yake vilevile. Tukikutana uso kwa uso mlangoni nilikuwa Mama Kabula, umeamkaje, mtoto hajambo. Nikishaingia ndani na kufunga mlango, juu ya ukuta nilikuwa kale. "Kale kamerudi." "Kale kameanika nepi kwenye kamba yangu tena." "Kale kanajifanya kamesoma, na kusoma kwenyewe ndiko kulikokaletea mimba." Kwa wale wasiotoka kwetu: Kiswahili cha shule hakina hiyo ka. Shuleni kitoto ni kile kitoto. Sisi wa bara tunaichukua kwenye lugha za mama zetu, tunasema katoto, kambwa, kale kajumba, na inaweza kuwa ka ya mapenzi kabisa. Ya Mama Jeni haikuwa ya mapenzi. Nilikuwa nalala chali nikinyonyesha, nasikiliza jinsi neno la herufi nne linavyoweza kumbeba mtu mzima na kumtupa jalalani, na hata msichana halijasema, hata mwanamke, hata malaya. Kale tu. Na kila aliyekuwa anakula mapanki pale nje alijua ni nani.

Tangazo nililiona kwenye ubao wa kanisani, katikati ya tangazo la ndoa na la kwaya inayotafuta sauti ya tatu. Mtafiti wa lugha anahitaji msaidizi: mwenyeji wa Mwanza, elimu ya kidato cha nne, mwandiko unaosomeka, asiye na majukumu. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Nikakaza kanga, nikapanda kilima na majukumu yangu mgongoni mpaka nyumba ya wageni alikofikia. Alikuwa mwanaume mrefu wa Kagera, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, anatafuna kahawa kavu kama watu wa kwao, na mezani kwake kulikuwa na masanduku ya kadi kama ya zahanati.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada. Karibu." Akamtazama Kabula. "Tangazo lilisema asiye na majukumu."

"Huyu si majukumu. Huyu ni Kabula."

Nilikuwa tayari kwa matusi. Badala yake akachukua kalamu. "Rudia."

"Nini?"

"Hiyo sentensi. Hujasema huyu mtoto. Umesema huyu, ukaishia hapo, ukaleta jina."

"Kwani humwoni kama ni mtoto?"

Akaandika na hilo pia. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Chumba kile nakikumbuka kuliko chumba changu. Kitanda kimoja, meza mbili, redio kaseti ya kurekodia, taipureta iliyokuwa imepoteza kitufe cha herufi z kwa hiyo kila z aliijaza kwa kalamu, na dirisha lililotazama mawe na kipande cha ziwa. Kabula alilala kwenye sweta la mtumba chini ya meza ya pili. Kwenye kila kadi palikuwa na maneno mawili matatu: yule mtoto, mtoto yule, kila mtoto, mtoto kila, mtoto wangu yule. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza kwa sikio la Mwanza na kusema hiki kinasemeka, hiki hakisemeki. Siku ya kwanza akaniachia rundo zima akaenda posta, akaniambia, "Weka nyota panapostahili." Nikachukua kalamu nyekundu, nikafanya kazi kama mwalimu wa darasa la kwanza: kila kilichosemeka vizuri nikakipa nyota, na vile vizuri sana nikavipa nyota yenye mkia. Aliporudi akashika kichwa.

"Umeniharibia! Kwetu nyota ni alama ya kosa."

"Kwenu Bukoba?"

"Kwetu sisi wanaisimu! Kisichosemeka ndicho kinachowekewa nyota."

"Mwalimu gani anampa nyota aliyekosa?"

Akacheka mpaka punje ya kahawa ikamtoka mdomoni. Nilikaa siku mbili nageuza nyota, na katika kuzigeuza tukakuta kadi moja ambayo tuligongana. Mtoto yule wangu. Mimi nilikuwa nimeisifu, yeye alikuwa na uhakika ni mbovu.

"Neno la kumiliki linakaa jirani na nomino," akasema. "Mtoto wangu yule, sawa. Mtoto yule wangu, haiwezekani."

"Inawezekana."

"Iseme basi."

Kabula alikuwa ametambaa mpaka mlangoni. Nikamnyooshea kidole. "Mtoto yule, wangu."

"Umetua katikati."

"Nimetua kwa sababu nimeshamaliza. Hicho si kipande cha sentensi, hiyo ni kauli nzima. Anayebisha aje tubishane."

Akaandika kitu nyuma ya kadi. Nilijua nimesema jambo. Ni vigumu kueleza raha ya siku ile kwa mtu ambaye hajawahi kuitwa kale. Mtu mwenye udaktari alikuwa ameuliza mdomo wangu unasemaje, mdomo ukajibu, na jibu likaingia kwenye sanduku.

Sasa nieleze alichokuwa anakitafuta, maana bila hicho ugomvi wetu hauna kichwa. Wanaisimu wanasema maneno hayatembei peke yake, yanatembea kwa vikundi, na kikundi wanakiita kirai. Yule mtoto wangu mdogo, hicho ni kirai kimoja. Ndani ya kirai kuna nomino, mtoto, ambayo shuleni kwetu tuliiita jina. Na kuna maneno madogo, yule, huyu, wangu, kila, ambayo wanayaita vibainishi. Ukisema mtoto umetaja aina ya kiumbe, kama unavyosema mbuzi au jiwe. Ukisema yule mtoto umemshika mmoja mkono. Swali lililomtoa Dokta Dar es Salaam ni hili: katika kikundi hicho, nani mkuu? Nani anaongoza na nani anafuata? Kulikuwa na wakubwa wa Ulaya na Marekani waliokuwa wameanza kusema kibainishi ndicho mkuu na nomino inakaa chini yake. Dokta alikuwa amekuja kuonyesha kwamba hilo ni la lugha zao, kwetu nomino ndiyo inayotawala.

Alinieleza hayo tukila. Mama mpishi wa nyumba ile alikuwa ametuletea ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na Dokta, ambaye kila mchana alilalamika kwamba chakula kisicho na ndizi ni vitafunio, aliweka sahani ya samaki katikati ya meza na vikombe pembeni.

"Huyu samaki ndiye nomino," akasema. "Baba mwenye nyumba. Vikombe hivi ni vibainishi. Baba akiwa wa ngeli hii, wote wanavaa nguo zake. Mtoto yule. Kitabu kile. Mti ule. Anaamuru, wanatii."

"Na baba akiwa hayupo?"

"Vipi?"

"Yule amekuja. Baba yuko wapi hapo?"

"Yupo. Amefichwa."

"Nani kamficha?"

"Dada, ni nadharia. Tunachukulia kwamba kuna nomino isiyotamkwa."

"Mimi nimeishi kwenye nyumba ya namna hiyo. Kila mtu anachukulia baba yupo, ila hatamkwi. Anayechota maji ni kikombe."

Akajikatia kipande kingine cha samaki. Siku zile nilikuwa na hasira ya kila kitu, hata sarufi ningeitia ngumi. Lakini leo nikiwa na umri huu naona hasira ile ilikuwa na macho. Niliona kitu ambacho yeye, na usomi wake wote, alikuwa hakioni kwa sababu nyumba aliyoijua yeye ilikuwa na baba mwenye kiti.

Akanituma nikasikilize. Nilikwenda gulioni Kisesa na redio kaseti ndani ya kikapu, juu yake nimefunika michembe, vile viazi vitamu vikavu, ili watu wasiione wakaanza kuongea kama taarifa ya habari. Nilikwenda Misungwi kwa wafugaji. Mzee mmoja alimuuliza mwenzake, "Yule ng'ombe kapona?" na ng'ombe mwenyewe hakuwepo, alikuwa nyumbani, lakini walimjua wote wawili. Baada ya muda yule yule mzee akanyoosha fimbo: "Ng'ombe yule wa nani?" Hapo alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Nikaandika kwenye daftari: neno dogo likitangulia, tunayemtaja tunamjua sote, likifuata, ninakuonyesha sasa hivi. Niliporudi Dokta alisoma akapiga meza kwa furaha. Akaanza kuniachia daftari niandike mwenyewe, si kadi tena. Yeye aliandika la kwake, mimi la kwangu. Tulikuwa na madaftari matatu kwa mwandiko wangu kufikia mavuno.

Na siku moja nikamletea kale. Nilimsomea sentensi za Mama Jeni zote, hata ile ya mimba, kwa sauti kavu kama nasoma orodha ya vifaa. Alinitazama kwa huruma nikamwambia huruma aiweke, aandike.

"Hii ni rahisi," akasema. "Kale kamerudi. Nomino iliyofichwa ni kasichana."

"Nani kakwambia?"

"Lazima iwepo. Hiyo ka imetoka wapi kama hakuna nomino ya kuiamuru?"

"Umemuuliza aliyesema?"

Akasema msemaji hajui anachokificha, mtafiti ndiye anajua. Lilinikera neno hilo kuliko kale yenyewe. Nikambeba Kabula, nikateremka mpaka Mkuyuni, nikamkuta Mama Jeni anageuza mapanki na wateja wawili wamekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Kabula. Nikukaangie kichwa?"

"Nina swali la kazini. Ukisema kale kamerudi, unakuwa umeficha neno gani?"

Uma wake ulibaki hewani. Mteja mmoja akakohoa. "Nani kasema kale?"

"Wewe. Sijaja kugombana. Nataka neno tu. Umeficha kasichana?"

"Sikuficha kitu mimi!"

"Kadada? Kamama?"

"Nimekwambia sikuficha! Nilisema kale, basi!" Jasho lilikuwa linamtoka, na nadhani ni kwa sababu alikuwa amebanwa ndipo akasema kweli tupu. "Ningesema kasichana si ningekuwa nimekutaja? Nilisema kale ili nisikutaje!"

Wateja wakaangua kicheko. Yule aliyekohoa akasema, "Mama Jeni, umejikaanga mwenyewe." Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, naandika. Neno kwa neno, na jina lake, na mahali. Mama Jeni akaniuliza kama nampeleka polisi. Nikamwambia nampeleka chuo kikuu. Akanipa kipande cha samaki bure kwa hofu, nikala, kilikuwa kitamu.

Dokta aliposoma ukurasa ule alisimama akaenda dirishani. Akarudi, akausoma tena. Nilimweleza nilivyoona mimi, kwa maneno yangu ya kidato cha nne: nomino inaeleza, kibainishi kinashika. Mama Jeni alitaka kunishika bila kunieleza, kwa hiyo akaitupa nomino yote nje na lile neno dogo likafanya kazi peke yake, na tena likachagua lenyewe nguo ya kuvaa, ka ya dharau, bila kuamriwa na mtu. Sasa nani mkuu hapo? Akasema polepole, "Basi nimekuwa nakisoma kirai kichwa chini." Wiki nzima iliyofuata taipureta haikunyamaza. Alibomoa sura ya kitabu alichokuwa anakiandika na kuijenga upya, neno dogo likae juu na nomino chini yake. Mwezi uliofuata angekuja profesa wake, na kungekuwa na mkutano kwenye ukumbi wa chuo kimoja cha ualimu pale mjini. Alipanga kuusomea mkutano sura hiyo. Mimi nilikuwa natembea Mkuyuni kama nimevaa viatu vipya.

Siku moja kabla ya mkutano aliniachia makaratasi niyapange. Nikasoma. Yalikuwemo mambo yetu: kale, ka ya dharau, nomino inaeleza na kibainishi kinashika, sentensi yangu hiyohiyo, imeketi pale kama mgeni rasmi. Chini yake aliandika: kwa mujibu wa mtoa taarifa, msichana mmoja wa Mkuyuni. Nilirudia kusoma nikitegemea jina litatokea kwenye ukurasa wa mbele au wa nyuma. Halikutokea.

"Dokta. Msichana mmoja ni nani?"

"Ah." Aliweka kikombe. "Ndiyo taratibu, dada. Watoa taarifa hawatajwi majina. Tunawalinda."

"Mnanilinda na nani?"

"Ni heshima tu ya kitaaluma."

"Mama Jeni naye hanitaji. Ila yeye hasemi ni heshima."

"Usifananishe."

"Wewe umenifundisha kufananisha. Neno mmoja ni kibainishi, siyo? Kinasema yupo mtu, wala huna haja ya kumjua ni nani. Mtoa taarifa, sawa, mfiche. Lakini hii ya nomino inaeleza si taarifa. Hii ni fikra. Niliifikiri mimi, hapa, kwenye kiti hiki."

Akasema mambo mengi. Kwamba sina shahada. Kwamba profesa atauliza huyu ni nani na yeye atajibu nini, mama wa mtoto mmoja aliyempata kanisani? Kwamba jina langu litaipunguzia sura uzito. Halafu, kwa upole, kwamba kesho nikipenda naweza kuja, nikae nyuma karibu na chai, mtoto akilia nitoke, na kwamba nisipoharibu atanikumbuka kwenye mradi mwingine. Atanikumbuka. Neno la wakati ujao nilikuwa nimeshaambiwa na mwanaume mwingine. Nilipanga makaratasi yake vizuri, pini kwenye kona, nikateremka nyumbani na daftari langu la tatu limekazwa ndani ya kanga pamoja na Kabula. Nilijua nikifungua mdomo kesho yake kazi imekwisha. Nilihesabu unga uliobaki ndooni, nikaona utafika Jumapili. Ilitosha.

Ukumbi ulikuwa na watu wapatao arobaini, walimu wengi, mapadri wawili, na mbele kabisa profesa, mzee mfupi wa pwani mwenye kofia ya kufumwa na fimbo aliyoilaza mapajani. Nilikaa nyuma karibu na chai. Dokta alisoma vizuri, sitamnyima hilo. Alipofika kwenye kale kamerudi walimu walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa na Mama Jeni wake. Profesa hakucheka. Akanyanyua fimbo kidogo.

"Kale? Zama za kale?"

Ukumbi ukacheka tena. Dokta akaeleza ka ya bara. Profesa akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza bei asiyoikubali.

"Sawa. Basi imefichwa nomino, kasichana. Hujathibitisha kitu, Projestus. Umejuaje kwamba haikufichwa?"

Nilimwona Dokta anafungua karatasi, anafunga. Ukurasa wenyewe, wenye maneno ya Mama Jeni, haukuwa mkononi kwake, ulikuwa kwenye daftari langu. Yeye alikuwa amechukua jibu akaacha swali. "Kwa mujibu wa mtoa taarifa…" akaanza.

"Mtoa taarifa gani?"

"Msichana mmoja wa…"

Nikasimama. Kabula alikuwa mgongoni, ameamka, ameshika sikio langu. "Ni mimi," nikasema. "Na haikufichwa. Nilimuuliza aliyesema."

Vichwa vyote viligeuka. Dokta akasema, "Dada, tafadhali," na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa inaomba. Profesa akanyoosha fimbo kwake anyamaze.

"Ulimuuliza nani?"

"Jirani yangu, ambaye mimi ndiye kale wake." Nikafungua daftari nikasoma mazungumzo yote, tangu shikamoo mpaka ningesema kasichana si ningekuwa nimekutaja. Sikuruka hata ya kukaanga kichwa. Padri mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa kicheko. Profesa alikuwa ameinama mbele.

"Hebu," akasema. "Anaweza kusema kasichana kale kamerudi?"

"Anaweza. Ila hapo anamwonyesha mgeni asiyenijua."

"Na kale kasichana kamerudi?"

"Hapo mnanijua, na ameshanitukana mara mbili."

"Na kasichana kamerudi, bila kale?"

"Hapo wewe ndiye utakayeuliza, kasichana gani? Nomino peke yake haijanishika, profesa. Inaeleza tu. Anayeshika ni lile neno dogo. Na hii sikuitoa kama taarifa. Hii niliifikiri. Karatasini pameandikwa msichana mmoja. Naomba paandikwe mimi."

Nilisikia sufuria ya chai inatokota nyuma yangu. Nilitegemea kufukuzwa. Dokta alikuwa ameangalia chini, na kwa mara ya kwanza kola yake ilikuwa imelala upande mmoja. Profesa akafungua kalamu yake, akaichukua nakala ya makaratasi, akakata mstari mrefu juu ya maneno mawili. Mstari ule niliuona kutoka nyuma ya ukumbi.

"Jina lako nani, binti?"

"Limi Masanja."

Akaandika, huku anatamka. "Rimi…"

"Limi."

"Ndiyo, Rimi. Nyinyi huku mnabadili R kuwa L, najua, nimeandika makala juu ya hilo."

"Makala sijaisoma," nikasema. "Lakini jina nalijua, maana yake ni jua. Futa uanze tena, profesa. L."

Akafuta, akaanza tena na L.